"Malipo yaliyozidi" ya fedha za watoto Kanada ni nini, na hurudishwaje

Nchini Kanada, mzazi anayeishi na mtoto wa chini ya miaka 18 hulipwa fedha za watoto kila mwezi na CRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. Malipo yaliyozidi ni kile kilichoingia benki juu ya haki ya familia kwa mwezi husika. Si faini, wala mtu hajaitwa mwizi. Ni hesabu iliyopigwa upya.

Hupigwa upya kwa sababu CRA hulipa kwanza kwa taarifa ilizonazo. Mwaka wa malipo huanza Julai na kuisha Juni, na kipimo ni mapato ya wenzi wote wawili kwenye ritani za kodi za mwaka uliotangulia. Kwa Julai 2025 hadi Juni 2026, familia yenye mapato yasiyozidi dola 37,487 hupata dola 7,997 kwa mtoto asiyetimiza miaka 6, kama 666 kwa mwezi. Kuanzia hapo hadi dola 81,222, mwenye mtoto mmoja hupunguziwa asilimia 7 ya kiasi kilichovuka.

Tuseme mama wa mtoto wa miaka 3 alikuwa na mapato ya 30,000 mwaka 2024. Septemba 2025 anaolewa na mtu wa 40,000, na CRA haiambiwi hadi Juni. Tangu Oktoba familia ni ya 70,000: imevuka kwa 32,513, makato ni karibu 190 kwa mwezi. Kwa miezi 9 deni ni dola 1,707 hivi. Taarifa ilipaswa kutolewa kabla Oktoba haijaisha. Na cheti cha ndoa si lazima ili CRA iwahesabu kuwa wenzi: miezi 12 mfululizo ya kuishi pamoja kama wapenzi, au kuishi pamoja mkiwa mmezaa mtoto pamoja, inatosha. Wengi hunasa hapo.

Sababu nyingine ni mtoto kuhamia kwa mzazi mwenzake. Akikaa kwa kila mmoja asilimia 40 hadi 60 ya muda, kila mzazi hupata nusu ya kile ambacho angepata kama mtoto angeishi naye muda wote.

Barua ya deni ikifika, linganisha tarehe na miezi kabla ya kulipa. Ikiwa CRA imekosea, unazo siku 90 kuweka pingamizi. Ikiwa ni kweli, lipa kwa hati iliyoambatana na barua, au piga simu kuomba kulipa kidogo kidogo. Ukinyamaza, CRA hujikatia kwenye malipo yajayo au marejesho yako ya kodi. Makato yakikuacha bila kodi ya nyumba, piga simu uombe yapunguzwe.

Deni baya zaidi huzaliwa na barua ya uhakiki, yaani ya kuomba uthibitisho kwamba mtoto anaishi nawe, isiyojibiwa: CRA inaweza kuhesabu kwamba hukustahili chochote na kudai miezi yote. Tuma mkataba wa nyumba na barua ya shule au daktari inayoonyesha mtoto anaishi na nani, na hati zote zionyeshe anwani ileile.