Je, wajua kwa nini kocha wa timu ya taifa huanza na wachezaji ndipo afikie mfumo?

Kikosi kikitangazwa tu, ubishi huanzia kwenye namba. Huyu anataka 4-3-3, yule anaapa kwamba bila 3-5-2 tumekwisha. Namba zenyewe ni rahisi kuzisoma: unahesabu kuanzia mabeki kwenda mbele, bila kumhesabu kipa. Ila kwa timu ya taifa, namba hizo huja mwisho.

Kocha wa klabu akiupenda mfumo fulani, husajili watu wa kuucheza, kisha huwanoa wiki baada ya wiki. Kocha wa taifa hasajili mtu. Ana wale ambao nchi imewazaa, na anawapata kwa siku chache za kalenda ya FIFA, wengine wakiwa ndio kwanza wameshuka kwenye ndege. Kwa hiyo swali lake la kwanza ni hili: wachezaji wangu bora ni akina nani, na nani akikaa wapi hatamziba mwenzake?

Tazama Moroko ya Kombe la Dunia 2022. Walid Regragui alikabidhiwa timu mwishoni mwa Agosti, na mashindano ya Qatar yalianza Novemba 20. Hapo hapo akakutana na tatizo tamu: Achraf Hakimi na Noussair Mazraoui, mabeki wawili wa daraja la juu, wote wa mguu wa kulia, wote namba mbili, yaani mabeki wa kulia. Kumweka mmoja benchi ingekuwa dhambi. Akamhamishia Mazraoui namba tatu, beki wa kushoto.

Uamuzi huo mmoja unagusa timu nzima. Beki wa mguu wa kulia akicheza kushoto, kila akipanda mguu unamvuta ndani, basi winga wa upande ule lazima aushike mstari. Upande wa pili mambo ni kinyume. Hakim Ziyech ni wa mguu wa kushoto lakini alicheza winga ya kulia, hivyo akipokea mpira anaingia nao kati na beki wa wapinzani anamfuata. Pembeni panabaki wazi, na Hakimi anapita kwa kasi. Sasa Hakimi akipanda, nyuma yake nani? Hapo ndipo utamjua Sofyan Amrabat, namba sita, yaani kiungo mkabaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba kila shimo linaloachwa na wenzake. Kwangu mimi yeye ndiye aliyekuwa moyo wa timu ile. Kwenye karatasi ilikuwa 4-3-3. Wakipoteza mpira mawinga walirudi na ikawa 4-1-4-1. Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 mbele ya ukuta huo, dakika 120 zikaisha bila bao, kisha wakatolewa kwa penalti.

Robo fainali dhidi ya Ureno, Mazraoui hakucheza. Akaingia Yahia Attiat-Allah wa Wydad, klabu ambayo Regragui aliipa ubingwa wa Afrika mwezi Mei mwaka huo huo, kwa hiyo kocha alimjua vilivyo. Huyu ni wa mguu wa kushoto hasa. Dakika ya 42 alimimina krosi, Youssef En-Nesyri akaruka juu ya kipa na kupiga kichwa: 1-0. Mfumo ule ule, nafasi ile ile, lakini mtu mwingine na kazi nyingine.

Nusu fainali na Ufaransa ndiyo inayoniuma hadi leo. Mabeki wa kati walikuwa majeruhi. Romain Saïss alianza akiwa na maumivu, na Nayef Aguerd, aliyekuwa kwenye orodha ya kuanza, akajiondoa muda mfupi kabla ya filimbi. Siku hiyo Regragui alikuwa amechagua mabeki watano, watatu wao wa kati, akiwa na maana ya kumpa kila mmoja msaada dhidi ya kasi ya Kylian Mbappé. Lakini mabeki watatu wa kati huhitaji mazoea: mmoja akitoka kukaba, wawili waliobaki wanapaswa kusogea bila kuambiwa. Dakika ya 5, Jawad El Yamiq alitoka kuuwahi mpira akateleza, Antoine Griezmann akaingia kwenye nafasi ile ile aliyoiacha, na patashika ikaishia miguuni mwa Theo Hernandez. Bao.

Dakika ya 21 Saïss alishindwa kuendelea. Regragui hakuingiza beki. Alimwingiza kiungo, Selim Amallah, akarudi kwenye mabeki wanne. Kuanzia hapo Moroko walishika mpira kuliko Ufaransa, na tikitaka ya El Yamiq ikagonga mwamba kabla ya mapumziko. Walikufa 2-0.

Siku 3 baadaye, mechi ya kutafuta mshindi wa tatu na Kroatia, mabeki walikuwa wanne tangu filimbi ya kwanza.