Kompyuta na masiwa ya barafu: swali lisilo mahali pake

Kila A23a, siwa kubwa la barafu (pande la barafu linaloelea baharini), linaporudi kwenye habari, sisi tunaounda modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiga bahari na hewa, tunaulizwa lile lile: kama modeli zenu zimeshindwa kusema siwa moja la barafu litaelekea wapi, mnawezaje kutuambia tabianchi ya mwaka 2100?

Ni kweli A23a lilitusumbua. Lilimeguka Antaktika mwaka 1986, likakwama sakafuni mwa Bahari ya Weddell zaidi ya miaka 30, na mwaka 2024 likanaswa na kizingia cha maji karibu na visiwa vya South Orkney, likazunguka mahali pamoja kwa miezi. Lakini kufuata siwa moja ni kazi nyingine kabisa. Unahitaji unene wake, umbo lake, upepo na mkondo wa kila siku. Ukikosea kidogo leo, wiki ijayo umepotea. Modeli ya tabianchi inatafuta mahali barafu inapoyeyukia kwa wastani, mwaka hadi mwaka. Anayepanga barabara za Dar es Salaam hajali daladala fulani itapita Ubungo saa ngapi. Anataka kujua foleni inajaa wapi. Na mahali barafu inapoyeyukia pana uzito: maji yasiyo na chumvi ni mepesi, hutanda juu na kubadili jinsi bahari inavyojichanganya.

Mkitaka kutubana, tubaneni kwenye ukubwa wa masiwa. Modeli za mwanzo zilibeba masiwa madogo tu, ilhali sehemu kubwa ya barafu inayomeguka Antaktika imo kwenye majitu machache. Siwa jingine, A68, lililomeguka kwenye rafu ya barafu ya Larsen C huko Antaktika Julai 2017, lilisafiri hadi kisiwa cha South Georgia na kumwaga huko tani bilioni 152 za maji kwa miezi mitatu hivi. Ukiyamwaga maji hayo pwani ya Antaktika, kama baadhi ya modeli zinavyofanya, unachora bahari isiyokuwepo. Hilo hata mimi nalipigia kelele.

Wengine huniambia: “Upepo ndio unaoyasukuma masiwa.” Madogo, ndiyo. Makubwa hutawaliwa zaidi na mikondo na mwinamo wa uso wa bahari, na mzunguko wa dunia huyapinda kushoto huko kusini.

Wengine: “Yakiyeyuka, Zanzibar itazama.” Hapana! Siwa linaloelea limeshachukua nafasi yake majini. Ongezeko linalobaki ni dogo mno. Bahari hupandishwa na barafu ya nchi kavu inapoingia majini. Kama hofu yako ni hiyo, achana na A23a, fuatilia barafuto (mto wa barafu wa nchi kavu) ya Thwaites huko Antaktika na barafu ya Greenland.