Si Kila Kikohozi Kisichokwisha ni TB

Mama wa namna hii tunamwona kliniki ya kifua karibu kila wiki. Ana bahasha ya kaki imejaa vyeti. Makohozi yamepimwa TB zaidi ya mara moja, hayana kitu. Amepewa amoksilini mpaka amechoka, akaambiwa ana pumu, akaambiwa ni uzee. Sigara hajawahi kuvuta. Ukimuuliza anapikia nini, anacheka: "Kuni, daktari. Tangu niko darasa la tatu."

Moshi wa kuni, mkaa na mabua, sawa na wa tumbaku, huchubua njia za hewa mwaka hadi mwaka. Kuta zinavimba, makohozi yanajaa, vifuko vya hewa vinalegea na kuharibika. Hewa inaingia, kutoka ndiyo shida. Huo ndio ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, COPD. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 uliua watu wapatao milioni 3.5. Hata aliyeugua TB akapona anaweza kuachiwa makovu yanayouleta.

Eksirei peke yake haiuthibitishi. Kipimo chenyewe ni kupuliza spiromita, mashine inayopima hewa unayotoa: unabanwa pua, unavuta pumzi mpaka mwisho, unapuliza kwa nguvu zote, nasi tunapiga kelele "endelea, endelea, usikatize!" Wengine huona aibu, wengine hukohoa katikati, basi tunaanza upya. Kisha unavuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, unasubiri dakika 15, unarudia. Ikiwa hewa ya sekunde ya kwanza bado haifiki asilimia 70 ya hewa yote uliyotoa, njia zimeziba. Kwa pumu, mara nyingi dawa huzifungua vizuri.

Mapafu yaliyoharibika hayarudi yalivyokuwa, kwa hiyo tiba huanza kwa kuondoka kwenye moshi. Mvutaji aache sigara. Kuhusu jiko, kumwambia mama anunue gesi ni rahisi kwangu mimi nisiyemjazia mtungi. Ikiwa bado hauwezekani, apikie nje, kwa kuni kavu.

Dawa zenye manufaa zaidi ni za kuvuta kwa inhela, kile kikopo kidogo cha kubonyeza. Si kweli kwamba ukianza utakuwa mteja wake maisha, kama mtaani wanavyosema; kinachokulazimisha kuendelea ni ugonjwa. Tatizo kubwa ninaloliona ni dawa kuishia kooni. Ili ifike kwenye mapafu, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Tikisa inhela, ichomeke, toa pumzi, bana mdomo wa chupa kwa midomo, bonyeza mara moja, vuta taratibu, kisha shika pumzi ukihesabu mpaka kumi.

Makohozi yakiongezeka au kugeuka kijani, na pumzi ikabana kuliko kawaida yako, njoo siku hiyohiyo. Mara nyingi tunatoa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa siku tano, na antibiotiki inapohitajika.

Akilazwa, ndugu hulalamika kwamba oksijeni ni kidogo. Ni makusudi. Kile kidude cha kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, tunataka kisome asilimia 88 hadi 92, kwani oksijeni ikizidi, hewa chafu (kabonidioksidi) inaweza kurundikana mwilini, mgonjwa akasinzia na kuzimia. Tafadhali, muuguzi akigeuka msiongeze wenyewe.