Kondoo Akifa Ghafla: Ini Lake Linaonyesha Nini?

Katika vijiji vya Dodoma ambako mifugo hunyweshwa malamboni, au kulishwa wakati wa kiangazi kwenye ardhi oevu kama ile ya Bahi, kondoo mnene aliyeingia zizini akiwa mzima huweza kukutwa amekufa alfajiri bila dalili ya kuhangaika. Wengi hudhani ameumwa na nyoka au amekula sumu. Ipo sababu nyingine inayostahili kuchunguzwa, nayo ni bakteria aitwaye Clostridium novyi aina B. Spora zake, yaani mbegu zake ngumu, hukaa udongoni, humezwa pamoja na malisho na kutulia ndani ya ini bila madhara, mpaka minyoo ya ini iliyo michanga inapolitoboa ini na kuacha nyama iliyokufa, isiyo na oksijeni. Hapo spora huchipua na kutoa sumu kali, na mnyama hufa ndani ya saa chache.

Kabla ya kisu kugusa mzoga, shaka ya kimeta iondolewe kwanza. Ikiwa damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au kwenye haja kubwa, mzoga usipasuliwe kabisa, bali aitwe daktari wa mifugo, ambaye atachukua damu kidogo, kwa kawaida sikioni, na kuipima kwa hadubini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kimeta huua binadamu pia, na mzoga ukishafunguliwa, bakteria wake hugeuka spora zinazodumu ardhini kwa miaka mingi.

Shaka hiyo ikiondoka, uchunguzi ufanywe mapema, maana mzoga wa ugonjwa huu huoza upesi. Ngozi ikichunwa, upande wake wa ndani huonekana mweusi au wa rangi ya damu ya mzee kutokana na mishipa midogo kujaa damu. Mfuko wa moyo huwa na maji mengi ya manjano hafifu, ambayo mara nyingi huganda yakipigwa na hewa.

Ini ndilo la kutazamwa kwa makini zaidi. Huwa limevimba na kuwa jeusi, likiwa na madoa ya kijivu yanayoelekea manjano, yenye upana wa sentimita 1 hadi 3 hivi, na kila doa limezungukwa na ukingo mwekundu. Mengine hujificha ndani, kwa hiyo ini likatwe vipande vyembamba. Ukingo huo mwekundu una uzito mkubwa, kwa sababu hutokea mnyama angali hai. Madoa yanayoletwa na kuoza hayana. Kutoona minyoo mikubwa kwenye mirija ya nyongo hakuondoi shaka, kwani inayochokoza ugonjwa ni ile michanga.

Kipande cha ini chenye doa pamoja na ukingo wake kihifadhiwe kwenye ubaridi na kufikishwa haraka kwenye maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Nyama isiliwe, hata na mbwa. Mzoga uchomwe au ufukiwe kwenye shimo refu, mbali na lambo.