Vaisi za zamani za Marekani: inama uangalie chini kabla hujalipa

Vaisi ni jiliwa, chombo cha kubania kipande unachokifanyia kazi. Muuzaji wa vaisi kuukuu hukuonyesha anachotaka ukione: mataya, jina la kiwanda lililosubiwa ubavuni, rangi mpya inayometameta. Mimi humwomba azungushe mkono mpaka taya la mbele litoke lote, halafu nachukua tochi na kuchungulia upande wa chini. Kwa vaisi za kampuni ya Wilton, habari yenyewe iko huko.

Wilton ilianzishwa Chicago mwaka 1941 na Hugh Vogl, mhamiaji kutoka Chekoslovakia, na ikachukua jina la barabara, Wilton Avenue. Vaisi yake ina umbo la risasi: skrubu na nati vimefungiwa ndani ya bomba nene, kwa hiyo unga wa tupa hauingii na grisi inadumu miaka mingi. Chini ya bomba hilo kuna kipande kirefu cha chuma kinacholizuia taya lisijizungushe. Hapo ndipo ilipogongwa tarehe, yaani mwezi na mwaka. Sasa sikiliza vizuri. Vaisi za mwanzo zina herufi GUAR EXP mbele ya tarakimu, yaani siku ambayo dhamana ya miaka 5 inakwisha. Ukisoma 10-46, umeshika vaisi ya Oktoba 1941, mwaka uleule kiwanda kilipoanza. Wauzaji wengi hawalijui hilo, na sioni kama ni kazi yangu kuwafundisha kabla hatujapatana bei.

Zenye neno Chicago ubavuni ndizo zinazogombewa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ilihamia Schiller Park, nje kidogo ya jiji, na maandishi yakabadilika. Kwa kazi ya kila siku sioni tofauti yoyote. Kwa bei, ipo, tena kubwa.

Lakini tarehe nzuri haiponyi ufa. Chuma cha kusubu hakipindi kikaonya, kinakatika tu, na adui yake ni yule aliyechomeka bomba kwenye mkono wa vaisi ili apate nguvu zaidi. Kagua shingo ya taya la nyuma, kisha masikio ya kitako yanayopitisha boliti. Ukiona rangi mbichi hapo, shuku. Pakaa mafuta ya taa, yaache yapenye, futa mpaka pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Ukikuta mstari wa njano, ni shaba: ilivunjika ikaungwa. Mimi ya kuungwa nainunua kwa kazi, kwa mkusanyo hapana.

Adimu kwa namna nyingine ni vaisi ya Emmert ya Waynesboro, Pennsylvania, yenye hataza ya 1891. Hiyo ni ya mafundi waliochonga mifano ya mbao ya kusubia vyuma. Inainama, inazunguka, na taya lake hukubali kipande kisicho na pande sambamba. Nyingi zinazopatikana zimepungukiwa na vipande vidogo, na kuvitafuta kimoja kimoja kunaweza kukugharimu kuliko vaisi nzima.

Vaisi ya Athol ya Massachusetts naipenda kwa kisa cha kampuni yake. Kampuni iliundwa mwaka 1868 kutengeneza mashine ya kukatia nyama aliyoibuni Laroy Starrett. Baadaye akaondoka, akaanzisha kiwanda chake mwaka 1880, na mwaka 1905 akarudi kuinunua Athol yenyewe. Ndiyo maana kuna vaisi zenye jina la Starrett.

Kuhusu kutu, acha kusugua kwa jiwe la grainda, utafuta maandishi. Tumbukiza vipande kwenye maji yenye magadi, unganisha upande hasi wa chaja ya betri kwenye vaisi na upande chanya kwenye bati la chuma cha kawaida, kisha uache usiku kucha. Usitumie stenlesi upande huo, maji yatakuwa na sumu ya kromiamu. Fanyia nje pia, maana gesi inayotoka ni haidrojeni na inashika moto. Kutu ikitoka, paka mafuta mepesi, basi. Rangi ya kiwanda iliyobaki, hata kama ni mabaka, usiiguse: mkusanyaji makini hulipia mabaka hayo.