Voltimita haikatiwi waya: dhana potofu na ukweli wake

Dhana iliyozaa nyingine nyingi ni hii: ili upime volti, kata waya, pachika voltimita katikati, umeme upite ndani yake. Huo ni utaratibu wa amita. Amita hupima mkondo, kwa hiyo mkondo wote sharti upite ndani yake. Ndiyo maana huungwa kwa mfuatano na ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia mkondo, ni mdogo mno. Voltimita hupima tofauti ya volti iliyopo baina ya nukta mbili. Hukati kitu. Balbu inaendelea kuwaka, nawe unagusisha waya mmoja wa kipimo upande huu wa balbu na wa pili upande ule. Hapo voltimita iko sambamba na balbu.

Na ukikosea ukaiunga kwa mfuatano? Wengi hutishana kwamba itaungua. Haiungui. Multimita nyingi za kidijitali (vipimo vinavyopima volti, mkondo na ukinzani kwa pamoja), zikiwekwa kwenye volti, zina ukinzani wa takriban omu milioni 10. Betri ya volti 9 ikisukuma mkondo katika ukinzani huo, haifiki hata sehemu moja ya milioni ya ampea. Balbu inazimika, na kipimo kinasoma karibu volti 9 zote. Mwanafunzi anaandika 9 daftarini akiamini amepima balbu, kumbe amepima betri.

Jingine ni usemi wa "volti zinapita kwenye waya". Kinachopita ni mkondo. Ni neno dogo, lakini huwapotosha watu kwenye swichi. Uliza: swichi ikiwa imezimwa, voltimita iliyogusishwa kwenye ncha zake mbili itasoma ngapi? Wengi watajibu sifuri, kwa kuwa "hakuna umeme unaopita". Kinyume chake, itasoma volti zote za betri. Mkondo haupo, kwa hiyo balbu haichukui volti yoyote, na tofauti yote inabaki kwenye pengo la swichi. Washa swichi, kipimo kinashuka karibu na sifuri. Mafundi hutumia siri hiyohiyo kwa fyuzi: saketi ikiwa imewashwa, fyuzi nzima husoma karibu sifuri kati ya ncha zake, na iliyokatika husoma volti kamili.

Wapo pia wanaodhani voltimita hutazama tu bila kugusa mambo ya saketi. Kwa balbu na betri, ni kweli kiasi cha kutosha. Lakini chukua rezista mbili (vifaa vya kuzuia mkondo) za omu milioni 1 kila moja, uziunge kwa mfuatano kwenye volti 10. Kila moja ina volti 5. Pima mojawapo kwa voltimita yenye ukinzani wa omu milioni 1, utasoma kama 3.3, tumia ya omu milioni 10, utasoma kama 4.8. Hakuna kipimo kibovu hapo. Voltimita yenyewe imefungua njia ya pembeni ya mkondo, na kadiri ukinzani wake ulivyo mkubwa ndivyo njia hiyo inavyokuwa nyembamba.

Kuhusu nyaya nyekundu na nyeusi za kipimo, hofu imezidi. Ukizigeuza kwenye kipimo cha kidijitali, unaona alama ya kutoa mbele ya namba, basi. Cha mshale ndicho cha kuhurumiwa: mshale hugonga nyuma na unaweza kupinda, kama unavyoweza kupinda ukianza na kiwango kidogo cha volti badala ya kile kikubwa zaidi.

Kosa la kuogopa kweli ni kuacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea baada ya kupima mkondo, kisha kwenda kupima volti. Hapo umeunga kitu kisicho na ukinzani wa maana moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme. Hiyo ni shoti. Ukibahatika, fyuzi ya kipimo ndiyo inayokatika.

Halafu kuna ile sifuri inayoaminiwa kuwa salama. Multimita iliyowekwa kwenye mkondo mnyoofu, ule wa betri unaoelekea upande mmoja tu, inaweza kusoma karibu sifuri kwenye soketi ya ukutani yenye umeme kamili, kwa sababu umeme wa soketi ni mkondo geu, unaobadili mwelekeo kila mara. Waya uliochomoka au betri ya kipimo iliyochoka huleta udanganyifu uleule. Kwa hiyo kipimo hujaribiwa kwanza mahali panapojulikana pana umeme, ndipo kinapelekwa kwenye waya unaotiliwa shaka, kisha kinarudishwa pale pa mwanzo kabla mkono haujagusa chochote.