Kupunguziwa Matunzo ya Mtoto: Amri ya Korti Haifi na Kazi

Wiki hii tena mwanamume ameketi ofisini kwangu hapa Kampala, akaniwekea mezani barua ya kuachishwa kazi ya miezi minane iliyopita, na kunieleza kwa utulivu kabisa kwamba tangu siku hiyo hajalipa matunzo ya mwanawe kwa sababu amri ya korti ilikwisha kazi ilipokwisha. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, kiasi kwamba siku hizi naijibu kabla msemaji hajaimaliza.

Amri haiishi hivyo. Hakimu wa mahakama ya familia na watoto akishaamuru ulipe, tuseme, shilingi 400,000 kila mwezi, kiasi hicho huendelea kudaiwa uwe kazini au nyumbani, mpaka mahakama yenyewe iibadilishe au kuifuta amri, au mtoto atimize miaka 18. Miezi minane ya kunyamaza ni deni la shilingi 3,200,000, na mama wa mtoto anaweza kurudi kortini, akaapa kwamba hakulipwa, ukaletwa mbele ya hakimu kwa hati ya kukamatwa na mali yako ikakamatwa. Kinachoniudhi ni kwamba Sheria ya Watoto imempa mzazi njia halali, yaani kuomba amri irekebishwe pindi hali yake inapobadilika. Mtu huyu angekuja mwezi ule ule wa kwanza na barua yake, taarifa za benki na za pesa za simu, huku akiendelea kutuma hata shilingi 150,000, hakimu angemwona mzazi aliyepungukiwa. Akija sasa, ataonekana mkaidi aliyekumbuka korti baada ya kubanwa, na asitegemee kwamba ombi la leo litafuta deni la jana.

Isitoshe, barua ya kuachishwa kazi peke yake haitoshi, kwa kuwa mahakama hupima uwezo wako wote, si mshahara tu. Mwenye vyumba vya kupangisha Mukono na bodaboda mbili barabarani hawezi kuapa kwamba hana kipato, na akiapa hivyo kisha mama wa mtoto akaleta picha za vyumba hivyo, mimi wakili wake sitakuwa na la kusema.

Wapo pia wanaoamini kwamba sheria ya Uganda imeweka theluthi ya mshahara kuwa kikomo cha matunzo. Haijaweka, hakimu huangalia mazingira ya shauri na uwezo wa mzazi, na ustawi wa mtoto hutangulia. Aliyeoa tena anaweza kuwataja watoto wake wapya, nao watazingatiwa, lakini hawamsukumi wa kwanza nje ya mstari. Anayenyimwa nafasi ya kumwona mtoto alete ombi la kumwona, asisitishe malipo, kwani chakula cha mtoto si rehani ya ugomvi wa wazazi.

Makubaliano ya mdomo mbele ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, yana thamani yake katika kupatanisha, ila mwenyekiti hana mamlaka ya kupunguza kilichoamriwa na hakimu. Kama mmeelewana kweli, yaandikeni, mtie saini, kisha yapelekwe mahakamani yawe amri.

Na tafadhali, tumeni fedha kwa simu mkitaja mwezi na jina la mtoto, badala ya kumpa shangazi noti mkononi au kushusha gunia la posho, yaani unga wa mahindi, mlangoni. Vitu hivyo ni vyema, lakini korti iliyoamuru fedha hailazimiki kuvihesabu kuwa malipo. Mteja wangu wa wiki hii anasema alilipa karo ya muhula mmoja moja kwa moja shuleni. Ombi lake nimeshalianza. Risiti ya shule bado anaitafuta.